Nimefuta vidio ya kukata springi

Wasee, leo asubuhi nimefuta vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote. Mnaijua. Niko Umoja, DX iko juu ya mawe, fundi anakata springi za nyuma na grainda, cheche zinaruka, halafu gari inashushwa na nyuma inakaa chini kama nganya iliyobeba stage nzima. Dakika moja na nusu. Iliniletea wafuasi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa, na ilinilipia rent ya miezi miwili.

Wengine mmeshaanza kuniuliza iko wapi. Iko kwa taka, na nitawaambia ni kwa nini.

Jumapili iliyopita nilitumiwa picha na kijana wa Kayole. Ana miaka kumi na tisa, ananifuata tangu nikiwa na watu mia mbili. Kwa picha kuna DX nyeupe imelala mtaroni kando ya Spine Road, gurudumu moja la nyuma limeingia ndani ya madigadi. Chini yake ameandika: "Bro nilifanya venye ulisema." Hakunitusi. Hakuomba pesa. Beshte yake aliyekuwa kiti cha nyuma amevunjika mfupa wa bega, na huyo ni msee anayebeba mizigo Gikomba. Bega ndiyo kazi yake.

Sasa sikia kitu ambacho sijawahi kusema hapa. Mimi nilijua.

Wiki tano baada ya ile vidio, nilikuwa natoka Buruburu na sista yangu mdogo, Mumias South Road, mvua imenyesha. Nikapanda tuta nikiwa na haraka kidogo. Nyuma ikaruka, nikasikia kitu kinagonga chini, na gari ikaanza kuvuta kando. Nikasimama. Kuchungulia hivi, springi ya kushoto imetoka kwa kiti chake, imelala kama mtu amelewa. Sista hakuumia, aliuliza tu kama tutachelewa. Nikaita fundi, tukairudisha, na baadaye nikatafuta springi zingine kimya kimya. Sikuchukua hata picha. Mimi, mtu wa kupiga picha mpaka chapati, sikuchukua hata moja. Juu ile vidio ilikuwa inalipa, na nani hutaka kuonekana fala mbele ya mtaa?

Kwa hivyo hii si post ya kuwafunza adabu. Ni deni nalipa. Na maoni yangu ni haya: kama uko na gari ya zamani na una pesa kidogo ya kuirembesha, pesa ya kwanza iende nyuma, chini, mahali hakuna mtu ataona. Kabla ya rimu, kabla ya ekzosi, kabla ya spika. Na springi haikatwi. Haichomwi pia.

Wacha nieleze venye inafanya kazi, juu wakati nakata zangu hakuna mtu alinieleza.

Wamarekani wako na Mustang, Camaro na hizo zingine zenye injini kubwa kama friji. Sisi Eastlands tuna DX. Corolla KE70, kizazi kilichoanza 1979, injini ya 1300 inayosukuma magurudumu ya nyuma. Baada yake Corolla ya kawaida ya milango minne ilihamia kusukuma na magurudumu ya mbele, ndiyo maana hii inapendwa hivyo. Haina nguvu ya Mustang hata robo, lakini nyuma ziko na undugu: ekseli moja nzima inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na difu katikati. Gurudumu moja likipanda jiwe, lingine linasikia.

Tofauti ni kile kinachoshikilia hiyo ekseli. Mustang ya 1964 ilikuwa na springi za mabamba, zile pande za chuma zilizopinda kama upinde, zimepangwa moja juu ya nyingine na kufungwa pamoja. Ukitaka kuona zinakaaje, inama chini ya matatu yoyote ya abiria 33 hapo kwa stage, ama pikapu ya Datsun 1200. DX ya milango minne ina springi za koili, halafu mikono minne ya chuma inayozuia ekseli kwenda mbele na nyuma, na fimbo moja ndefu ya kukingama inayozuia isicheze kushoto na kulia. DX stesheni wageni ndiyo ina mabamba, juu ilijengwa ya kubeba mzigo.

Sasa, ukikata koili, unadhani umeifanya iwe fupi tu. Hapana. Umeifanya iwe ngumu pia. Springi ya koili ni waya mrefu uliozungushwa. Ukiufupisha, hauwezi kujikunja kama zamani. Tuseme ilikuwa na mizunguko minane inayofanya kazi, ukatoa miwili. Ugumu wake umepanda kwa theluthi moja. Hapo unahisi gari iko "tight" na unafurahi. Mimi nilifurahi. Kumbe kuna tatizo lingine limejificha: shokomzoba bado ni ile ndefu ya kwanza. Ukipita tuta kwa haraka, ekseli inashuka mpaka mahali shokomzoba inaruhusu, na springi uliyokata haifiki huko. Inabaki inaning'inia bila kubanwa na chochote. Ikirudi chini inaweza kukaa sawa, ama ikae kando, ama itoke kabisa. Ni kamari, na kila tuta la Eastlands ni raundi moja. Hesabu matuta kutoka kwako mpaka tao.

Na ile fimbo ya kukingama? Ukishusha gari, pembe yake inabadilika na inavuta ekseli nzima upande mmoja. Ndiyo maana DX nyingi zilizoshushwa ovyo zinakula taya ya upande mmoja, na mwenyewe analaumu barabara ya kaunti. Barabara ina makosa yake, lakini hiyo si yake.

Kuchoma na gesi ndiyo mbaya zaidi. Kuna fundi atakuambia usikate, "tuipashe tu moto kidogo ishuke." Chuma cha springi kilipata nguvu yake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikifanya chekundu tena hapo kando ya barabara, umekirudisha kuwa chuma cha kawaida mahali hapo, na huwezi jua ni mahali gani kitakatika ama kuzama. Leo gari iko chini inchi mbili, baada ya miezi mitatu upande mmoja umeshuka zaidi na unatembea kama mtu amevaa kiatu kimoja.

Haya mahesabu nilifunzwa chuoni. Ndio, hapo kwa muhula wa mwisho kabla sijachorea. Tulipewa fomula ya springi, nikaikariri, nikapata C, nikaisahau. Mwaka mmoja baadaye nimeshika simu narekodi fundi akiikanyaga hiyo fomula na grainda, na sikuunganisha hata kidogo. Sijutii kuacha chuo, karo ilikuwa imetushinda na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini nimeacha kusema ile kitu nilikuwa napenda kusema hapa, eti vitabu havisaidii mtaani. Kuna kitabu kingesaidia bega la msee wa Gikomba.

Najua mtasema nini, juu mimi mwenyewe nilikuwa nasema.

Mtasema doo hakuna. Sikia. Kukata springi mimi nililipa 1,500. Kurekebisha nilichoharibu nililipa zaidi ya mara kumi. Nilitafuta springi nzima za KE70 kwa gari iliyokufa, nikanunua shokomzoba mbili mpya za nyuma, nikabadilisha bushi zote za ile mikono minne. Kama ningeanza na bushi peke yake ningekuwa na gari nzuri na chenji ya mutura. Gari iliyo chini ni rahisi kuipata. Ile ya kurudi juu ndiyo gharama.

Mtasema mbona gari za wengine zimekatwa na zinatembea miaka. Ni kweli, ziko. Hata mimi najua msee wa Donholm amezunguka na zake miaka minne. Lakini yeye anaendesha peke yake, polepole, na anapita kila tuta kwa upande. Gari ambayo lazima uipitishe kwa upande kila mahali haijaboreshwa. Umeipa ugonjwa na sasa unaiuguza.

Mtasema springi za Probox huongezwa nguvu kila siku na watu wanakula kwa hiyo kazi. Hiyo nayo ni kweli, na ni funzo la upande wa pili. Probox imewekewa springi ngumu ibebe gunia baada ya gunia. Ikiwa na mzigo iko sawa. Ikirudi tupu, nyuma iko juu kama nge na magurudumu yanadunda badala ya kushika lami. Springi inafaa kulingana na uzito inaobeba. Springi nzuri ya mtu mwingine inaweza kuwa mbaya kwako.

Kama uko na gari ya mabamba, hesabu ni tofauti na ni tamu, wacha nikupe. Ugumu wa bamba unafuata unene wake mara tatu: unene zidisha unene zidisha unene. Ukiweka bamba nene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa kama asilimia 33. Unene maradufu, ugumu mara nane. Ndiyo maana wanatumia mabamba mengi membamba badala ya moja nene: kila moja linajikunja kivyake, na yote yanasaidiana. Ukiwa na mabamba matano yanayofanana na ukaongeza la sita, umeongeza moja ya tano tu. Kwa hivyo fundi akikuambia "tuweke moja nene imalize mchezo," muulize ni nene kiasi gani. Milimita mbili zinaweza kugeuza pikapu yako mkokoteni.

Na Wamarekani wenyewe waliteseka na hii. Gari yenye nguvu nyingi na mabamba nyuma, ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha kinyume na magurudumu. Mabamba yanapinda kama herufi S, yanajiachilia, yanapinda tena, na nyuma inadunda barabarani. Camaro ilipotoka mwaka wa 1967 ilikuwa na hilo tatizo. Ya 1968 Chevrolet waliweka shokomzoba moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zipingane na huo mzunguko. Angalia hiyo akili. Hawakuongeza injini na hawakukata kitu. Walihamisha mahali shokomzoba inafungwa.

Na usidhani hizi nyuma za kizamani ni aibu. Joginder Singh, yule walimwita Simba wa Kenya, alishinda Safari Rally mwaka wa 1974 na tena 1976 na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Nyuma ya Lancer hiyo ilikuwa ekseli nzima juu ya springi za mabamba. Alipitia matope, mawe na vumbi ambalo SUV ya leo ingeomba ruhusa kwanza. Mwaka wa 2009 Mkenya mwingine, Ian Duncan, alishinda East African Safari Classic Rally na Ford Mustang. Mustang, buda, kwa barabara zetu. Hao watu wangeweza kuweka rangi yoyote na rimu yoyote, lakini unadhani pesa yao na usiku wao vilienda wapi kabla ya siku ya mashindano? Kule chini. Kwa rally, gari haifiki mwisho kwa sababu ni nzuri kwa picha.

Kuna jambo lingine linaniuma, na hili ni la sisi sote. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu uingize gari iliyozidi miaka minane. Kwa hivyo hakuna DX ingine inakuja. Hakuna meli Mombasa imebeba KE70. Zilizoko ndizo hizi: za wajomba, za mateksi waliostaafu, zile zimelala nyuma ya ploti Jericho na Kaloleni zikiwa na kuku ndani. Kila tukiua moja kwa ajili ya vidio ya dakika moja na nusu, imeisha. Yangu ilikuwa ya mjomba. Alifanya nayo teksi miaka kumi na kitu, akasomesha watoto wawili, halafu akanipa funguo nilipotoka chuo na kusema, "Hii itakupeleka mahali." Siku alipoona imekatwa hakusema kitu. Alizunguka nyuma, akaisukuma chini na mkono mara moja, ikakataa kurudi vizuri, akaenda zake kunywa chai. Sikuelewa siku hiyo. Alikuwa ameipima.

Nanyi mnaweza kuipima hivyo hivyo, ni bure. Sukuma nyuma ya gari chini na uzito wako wote, uachilie. Ikipanda mara moja na kutulia, shokomzoba iko hai. Ikiendelea kucheza kama mtu yuko klabu, imekufa. Angalia kama kuna mafuta yametiririka kwa mwili wake. Halafu chungulia bushi: mpira ukiwa umepasuka ama chuma kinagusa chuma, hiyo ndiyo kelele ya "kong kong" umekuwa ukizima na mziki.

Sasa utaratibu, kama ningeanza upya na pesa ya kuungaunga.

Kwanza bushi. Ni rahisi kuliko kila kitu, na gari ya miaka arobaini yenye bushi mpya inaendeshwa kama ingine kabisa.

Pili shokomzoba, mbili kwa mpigo, kushoto na kulia. Usibadilishe moja. Na usiende kwa mtu anakuuzia iliyopakwa rangi nyeusi juu ya kutu. Grogan kuna wauzaji wazuri na kuna wasanii, enda na mtu anayejua.

Tatu springi zenyewe. Kama zimechoka, tafuta nzima za modeli yako. Kama ni lazima gari iwe chini, na naelewa, mimi pia napenda ikiwa chini, nunua zilizotengenezwa zikiwa fupi, zenye waya mnene kiasi cha kufaa, pamoja na shokomzoba fupi za kuandamana nazo. Halafu utafute fimbo ya kukingama inayoweza kurekebishwa urefu, ili ekseli irudi katikati. Hizo zote zinaenda pamoja. Ukikosa moja, subiri.

Nne taya. Springi bora juu ya taya kipara ni suti juu ya slipa.

Baada ya hapo ndiyo urudi kwa rimu na rangi, na mimi wa kwanza nitakuja kukupiga picha.

Na tuwape heshima mafundi wa springi. Si wote ni wa grainda. Kuna mzee ako Kariobangi Light Industries ambaye alinirekebishia ya kwangu. Nilipofika nikamwambia nataka nyuma ikae vizuri, hakushika chombo chochote. Aliniuliza maswali matatu: unabeba watu wangapi, unapita barabara gani, na gari inalala wapi usiku. Mimi nikacheka hilo la tatu. Akasema kama inalala mahali pa kuinama, upande mmoja utachoka kwanza. Hajawahi kusikia fomula yangu ya C, lakini ameibeba mikononi. Nikamuuliza mbona yeye hakatii watu springi na pesa iko. Akaniambia, "Wananiletea zikiwa zimekatwa, nazirudisha nyumbani natengeneza visu."

Kwa hivyo vidio imeenda. Nimepoteza namba, na hiyo ilikuwa chakula, sitadanganya. Pesa iliyobaki nayo ya mwezi huu nimempelekea yule msee wa Gikomba, na haitoshi, bega linachukua wiki nyingi. Jumamosi naenda Kayole na ule mzee wa Kariobangi kuangalia ile DX kama inaweza kuinuka. Nitarekodi. Itakuwa ndefu na haina cheche, na pengine hakuna mtu atatazama mpaka mwisho.

Lakini kama wewe ulikata zako ukifuata yangu, tafadhali usibebe mtu kiti cha nyuma wiki hii. Nitumie modeli yako na picha ya nyuma ya gurudumu, zote mbili, tuangalie pamoja kitu cha kwanza cha kurekebisha. Sitakucheka. Ni mimi nilikutuma.